Kifutu Asiye na Meno

Mwaka 2014 Kenya ilikuwa imepagawa na kware. Kiyai kile kidogo, tuliambiwa, kinatibu kisukari, presha na mambo ya chumbani. Nami nikachukua leseni ya KWS, shirika la wanyamapori, nikanunua kware hamsini, nikawajengea banda nyuma ya nyumba hapa Kitengela, nikaanza kuhesabu milioni.

Milioni hazijafika, mayai yakaanza kupotea. Leo mawili, kesho matatu. Siku moja nikaokota ganda sakafuni, limebanwa bapa kama lililokanyagwa na gari la matatu, ndani kavu kabisa. Nikamwangalia shemeji yangu, aliyekuja kutusalimia wiki moja na sasa yuko mwezi wa tatu.

"Shemeji, unayanyonya mabichi?"

Akaapa kwa mamake. Mke wangu akaninunia siku mbili.

Nikaamua kulinda usiku. Nilishika tochi mkono huu, mkono ule trei ya mayai niliyokuwa nimeyaokota, ya mteja wa asubuhi. Kumulika kona, naona madoa ya kahawia yamejikunja. Mara sauti: shhhrrr! Kifutu, nyoka wa sumu! Akaachama, kinywa cheusi tii kama chungu, akanichomokea. Mlango niliupitaje, sijui. Najua trei ilitangulia, mimi nikafuata na kuikalia.

Mayowe yangu yakamleta mzee jirani, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye bustani ya nyoka. Akaingia, akatoka na nyoka mkononi kama aliyeokota mshipi wake.

"Kijana, kifutu ni mnene, mfupi, kichwa kipana. Huyu ni nyoka mla mayai, kwa unene hata mpini wa ufagio haufikii!"

"Na ile sauti?"

"Kifutu hutoa pumzi. Huyu anasugua magamba tu, akutishe. Akuume na nini? Hana meno ya kuuma. Humeza yai zima, mifupa ya shingo inalivunja ndani kwa ndani, uji unashuka, ganda analitema."

Kama shahidi aliyeitwa kizimbani, nyoka akajinyonganyonga, akatema ganda bapa miguuni pangu. Lilelile.

Nikapiga hesabu nikiwa bado nimelowa kiini: nyoka, yai moja. Mimi, trei nzima.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, kimya. Asubuhi akaagiza mayai sita ya kukaanga. Nikayakaanga mwenyewe, nikampelekea na chai.