Ati Niteme?

Mtu akikwambia anakupeleka kuonja pombe, muulize kwanza utaonja kiasi gani, na ukishaonja unaruhusiwa kumeza au vipi. Mimi mama watoto hakunipa nafasi ya kuuliza. Aliniamsha alfajiri, akanipa shati lililopigwa pasi, akaniambia nisimtie aibu.

Mama watoto anafanya kazi Treviso, kaskazini mwa Italia, anamtunza bibi mmoja mkongwe mwenye roho nzuri na masikio mabovu. Binti wa huyo bibi akaona atufanyie hisani, akatununulia tiketi mbili za safari ya siku nzima kwenye vilima vya Prosecco, ule mvinyo wao wa povu, kati ya miji ya Conegliano na Valdobbiadene. Zawadi, nashukuru. Lakini karatasi ilikuja na bei yake: euro mia na ushei kwa kichwa. Nikaipiga kwa shilingi za kwetu Kenya, ikavuka elfu 15. Jamani! Kwa elfu 15, mangwe nzima, kile kilabu cha pombe ya mnazi pale Malindi, ingekuwa inaniita mheshimiwa, na nauli ya boda ya kurudi nyumbani ingebaki.

Tena mimi si mtu wa kutembezwa. Kazi ya kutembeza watu ndiyo iliyonilea. Waitaliano nimewazungusha kwenye magofu ya Gede, nimewapeleka Marafa kuangalia korongo la Nyari jua likizama, nimewapandisha mashua ya kioo wakaone samaki. Kiitaliano changu nimekiokota ufukweni, bila karo hata ya senti. Na kila safari yangu ilikuwa na kituo cha mwisho, duka la vinyago, ambalo mwenyewe kwa bahati tu alikuwa shemeji yangu. Kwa hiyo nilipopanda lile basi dogo la watalii sikukaa kama mgeni. Nilikaa kumpima mwenzangu.

Alikuwa kijana mmoja maridadi, miwani juu ya kichwa, skafu shingoni na joto lote lile. Akatuuliza mmoja mmoja tumetoka wapi. Wajerumani wawili, mtu na mkewe. Akina mama watatu wa Texas wanaosherehekea kustaafu. Maharusi waliokuwa wamenuniana tangu kupanda. Kufika kwangu nikasema Kenya. Akafungua mikono: "Hakuna matata!" Basi lote likacheka. Hayo maneno nimewauzia Wazungu miaka yote ile, leo ndiyo nauziwa mimi, tena kwa euro.

Mandhari, sitaki kusema uongo, ni mazuri. Vilima vimechongoka, kimoja nyuma ya kingine, na mizabibu imepanda ubavuni mpaka kwenye ncha. Matuta yao hayana kuta za mawe, ni majani matupu yanayoshika udongo usiporomoke, na hiyo ni sababu mojawapo iliyowafanya UNESCO kuviingiza vilima hivyo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2019. Trekta haliwezi kusimama pale. Kupogoa ni mkono, kuchuma mwezi wa tisa ni mkono, vikapu vinashuka kwa jasho la mtu. Mwongozaji akasema kilimo hicho wenyewe wanakiita cha mashujaa, na akina mama wa Texas wakashika vifua. Mimi nikamkumbuka mgema wa kwetu, anayekwea mnazi asubuhi na jioni, kamba hana, mkono mmoja umeshika panga na mwingine umeshika maisha yake. Huyo hajaitwa shujaa na mtu yeyote. Akishuka anaulizwa leseni.

Kiwanda cha kwanza kilikuwa na baridi ya kutosha kuhifadhi maiti. Tukasimamishwa mbele ya matangi ya chuma yanayong'aa, marefu kupita ghorofa ya kwetu, tukapewa somo kwa muda ambao mtu angekuwa ameshakunywa na kulala. Ufupi wake ni huu. Zabibu zinakamuliwa, maji yake yanachacha mara ya kwanza, unapatikana mvinyo wa kawaida usio na mbwembwe. Kisha mvinyo huo unatiwa kwenye tangi lililofungwa kabisa, pamoja na sukari na hamira, unachacha tena. Safari hii gesi haina pa kutokea, inajificha ndani ya mvinyo, na hiyo ndiyo povu unalolipia. Wafaransa kwenye Champagne mchacho wa pili wanaufanyia ndani ya chupa, moja moja, kwa hiyo gharama inapanda. Ujanja wa tangi alipata hataza yake Mwitaliano, Federico Martinotti, mwaka 1895. Mwaka 1907 akaja Mfaransa, Eugène Charmat, akauboresha, na dunia nzima ikaushika kwa jina la Charmat. Kijana wetu alisimulia kwa uchungu, utadhani aliibiwa yeye.

Watu hawa wanajua kulinda mali, lakini. Zabibu yao zamani iliitwa Prosecco kama mvinyo wenyewe. Walipoona kila mtu anapanda na kuuza kwa jina hilo, mwaka 2009 wakaiita Glera, na jina la Prosecco wakalifunga kwenye ardhi, maana kuna kijiji karibu na Trieste kinaitwa hivyo. Sasa jirani wa Ulaya anaweza kupanda mzabibu ule ule, ila asithubutu kuandika Prosecco kwenye chupa. Wakroatia walipotaka kulindiwa mvinyo wao mtamu uitwao Prošek, Italia ilipinga mpaka Brussels, kwenye Umoja wa Ulaya. Hapo niliwavulia kofia. Nikakumbuka kikoi chetu, kilivyotaka kusajiliwa Uingereza kuwa jina la biashara na watu ambao nadhani hata kukifunga kiunoni hawajui.

Haya, tukafika mezani. Nikasema sasa. Glasi ikaja ndefu, imebinuka katikati, na ndani yake kiasi cha vidole viwili. Nikangoja amalizie kumimina. Akapita kwa mwingine.

Na hivyo vidole viwili huruhusiwi kuvinywa! Kwanza uinue glasi kwenye mwanga uangalie vipovu vinavyopanda. Halafu unuse. Kijana akauliza tunasikia harufu gani. Mama mmoja wa Texas akasema tofaa bichi. Safi sana. Mjerumani akasema peasi. Safi. Bi harusi, bila kumtazama mumewe, akasema maua ya akasia. Kijana nusura ampigie magoti. Akanigeukia mimi. Nikanusa tena, kwa nia njema kabisa, nikasema pombe. Mama watoto akanikanyaga mguu chini ya meza.

Sasa katikati ya meza palikuwa na ndoo nyeusi imewekwa kwa heshima. Nilidhani ni ya barafu. Nikamwona Mjerumani anavuta funda, analizungusha mdomoni, mashavu yanatuna huku na huku, halafu anainama taratibu na kulitema lote ndoonimo. Nikageuka nimpe pole, nikijua limemkaba. Kumbe ndiyo adabu! Kijana akasema wataalamu hutema ili ulimi ubaki na akili mpaka glasi ya mwisho. Mwenzenu nimelelewa kwamba mtu akitema kinywaji cha mwenyeji wake, wazee wanakaa kikao. Nimlipe mtu, aninyweshe, halafu nimrudishie? Nikameza. Mama mmoja wa Texas akaniambia polepole, kwa huruma, "You can spit, honey." Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha ufukweni kwamba asante, mimi nimefunga kutema.

Lililonichosha akili ni sukari. Mimi nina sukari, daktari ameshanionya, kwa hiyo nikamuuliza kijana chupa ipi ina sukari kidogo. Akasema Brut, haizidi gramu 12 kwa lita. Ukitaka chini zaidi kuna Extra Brut, mwisho gramu 6. Nikaona nyingine imeandikwa Extra Dry, na nyingine Dry. Nikamwambia basi hizi ndizo zangu, maana dry hata mimi nalijua, ni kavu, halina kitu. Akacheka cheko la mtu aliyezoea. Extra Dry ina gramu 12 mpaka 17. Dry ndiyo inayopanda kutoka 17 mpaka 32! Yaani kavu ndiyo tamu, na kavu sana ni tamu kidogo. Nikawauliza ni nani aliyepanga mambo haya, hakuna aliyenijibu. Mama watoto muda huo wote alikuwa nje anajipiga picha na mizabibu, kwa hiyo somo hilo lilimpita, na mtaona lilivyokuja kuniadhibu.

Karatasi ilisema chakula cha mchana chepesi. Kwenye wepesi hawakudanganya. Kikaja kibao cha mbao, juu yake vipande vya soppressa, ile soseji yao, vyembamba unaviona mpaka upande wa pili. Jibini laini la Casatella kijiko kimoja. Na vijiti vikavu vya mkate vimesimama kwenye glasi. Watu tisa, kibao kimoja. Nikauliza kwa upole kama wali uko njiani. Tumbo tupu na mapovu si marafiki, na barabara ile ya vilimani ina kona ambazo hata dereva wa Kaloleni angepunguza mwendo. Basi lenyewe halina choo. Bwana harusi alifumba macho muda wote, sikujua anasali au anazuia.

Alasiri tukapelekwa Cartizze, mahali patakatifu pao. Ni kilima kimoja cha Valdobbiadene, hekta 100 na kitu tu, wamegawana wakulima zaidi ya mia, na inasemekana hekta moja haiuzwi chini ya euro milioni. Nikashuka kwenye basi nikikanyaga kwa uangalifu, nisije nikaondoka na udongo wa mtu kwenye soli nikadaiwa. Mvinyo wake, nakubali, ulikuwa mtamu, unateleza wenyewe. Kwa desturi Cartizze huwa ni Dry, kwa hiyo nikapewa na mimi nikanywa, daktari yuko mbali. Pembeni yangu Mjerumani akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwaga glasi iliyobaki ndoonimo. Cartizze! Nilihesabu kimoyomoyo ni nusu mita ya mraba ya ardhi imekwenda.

Halafu likaja duka. Nililingoja tangu asubuhi, mimi tena? Mlango wa kutokea unapitia dukani, bei zimeandikwa kwa wino mdogo, dada wa kaunta anasema wanasafirisha mzigo mpaka nyumbani kwako. Na kijana wetu ameegemea mlango, anaangalia dari, kwa utulivu ule ule niliokuwa nao mimi kwenye duka la vinyago. Nikampita, nikamnong'oneza kwa Kiitaliano: "Asilimia ngapi?" Akashtuka, kisha akatabasamu. "Umejifunzia wapi Kiitaliano?" Nikamwambia Malindi. "Malindi! Mjomba wangu ana nyumba huko!" Nani hana mjomba Malindi.

Nikasema naenda msalani, nikavuka barabara.

Upande wa pili kulikuwa na baa ndogo, pazia la shanga mlangoni, na ndani wazee wanne wanacheza karata kwa kelele. Kila mmoja na glasi yake fupi. Nikaagiza ombra, ndivyo wanavyoita glasi ya mvinyo huku Veneto. Ikaja imejaa mpaka ukingoni, euro mbili na chenji. Hakuna aliyeniuliza nasikia harufu gani. Mzee wa pembeni, viganja vimekomaa na kupasuka, alikuwa na chupa yenye mvinyo wa ukungu na machicha yametuama chini. Akanimiminia bila kuniuliza. Huo unaitwa col fondo, akasema, ndio waliokuwa wakinywa babu zake kabla ya matangi; unachachia humo humo kwenye chupa na hauchujwi. Mchachu kidogo, mkali kidogo, unakwaruza koo. Nikapiga meza. Mnazi!

Mzee akataka kujua mnazi ndiyo nini. Nikamweleza mti, mgema, kibuyu kilichofungwa juu. Akauliza hamira tunatia wakati gani. Hatutii. Na sukari? Inakuja na mti wenyewe. Mchacho wa pili tunaufanyia wapi? Nikamwambia, mzee wangu, ule wa kwanza wenyewe hatuwezi kuuzuia. Ukigemwa alfajiri, saa nne umeshaanza kutoa povu, na jioni unamtandika mtu. Akaweka karata chini. "Siku moja?" Siku moja. Akawageukia wenzake, akawaambia kitu kwa Kiveneto ambacho sikukidaka, wote wakanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata tangu nitue Italia. Mmoja akauliza nani anayelinda jina lake, tuna muungano wa wagemaji? Nikanywa kwanza kabla ya kujibu.

Honi ikalia. Simu ikalia. Mama watoto: "Baba watoto, watu wote wako ndani ya basi, umeingia kwenye choo gani wewe?" Nikawaaga wazee, wakanishika mkono mmoja mmoja.

Ndani ya basi, kwenye kiti changu, kulikuwa na katoni. Chupa sita. Risiti niliiona, tafadhali msiniulize. Mama watoto akaisogeza kwenye mapaja yangu, uso unang'aa, akaniambia: "Usidhani sikufikirii. Nimekuchukulia zile za Dry, kwa ajili ya sukari yako."