Miezi Tisa ya Goti

Hapa Busia, mchezaji akikatika kano ya mbele ya goti, mchango huanza kabla uvimbe haujashuka. Apelekwe Kampala apasuliwe, la sivyo mpira umekwisha.

Wana hoja. Goti linalolegea kila mtu anapogeuka husaga gegedu zake kwa ndani, na anayetaka kurudi kwenye chenga za ghafla mara nyingi atamhitaji daktari wa upasuaji.

Lakini utafiti wa Sweden wa mwaka 2010 uliwagawa vijana 121: kundi moja lilipasuliwa mapema kisha likafanya mazoezi ya viungo, lingine lilianza na mazoezi, upasuaji ukingoja hadi uonekane wa lazima. Baada ya miaka 2 hali za magoti zilikaribiana, na kati ya 59 wa kundi la pili, 36 walikuwa bado hawajapasuliwa. Wachezaji wa kulipwa hawakuhusishwa, kweli. Wa kwetu wanaolipwa ni wangapi?

Takwimu ninayoirudia kila mara ni ya watafiti wa Norway, 2016. Kwa waliopasuliwa, kila mwezi wa kuchelewa kurudi mchezoni, hadi mwezi wa 9, uliendana na hatari ya kuumia tena kupungua kwa asilimia 51. Tazama ni akina nani hao: watu waliokwisha kupasuliwa! Kano mpya wanayo, na bado kalenda ndiyo iliyowatenganisha. Kalenda na paja, maana ambao nguvu za misuli ya paja la mguu ulioumia zilikuwa zimelingana na za mguu mwingine waliumia tena kwa uchache.

Jirani yangu wa boda boda aliuza kipande cha shamba akapasuliwa. Wiki ya 7 alikuwa stendi, akipiga kiki kwa mguu uleule. Mwaka umepita; akivaa kaptula unaona paja moja jembamba, na chooni huchuchumaa ameshika ukuta. Binti mmoja wa netiboli hapa mtaani hakupasuliwa. Jioni hupanda na kushuka ngazi ya baraza, mfuko wa mchanga umefungwa mguuni kwa utepe wa tyubu. Usenta ameuacha, siku hizi anacheza kipa.

Juzi nilichungulia daftari la mchango mpya: nauli, kipimo cha MRI, upasuaji, kitanda. Nikauliza mazoezi yameandikwa wapi. Mweka hazina akashangaa.

"Kwani mazoezi nayo yanalipiwa?"