Tutaelewana, Bosi

Jumamosi nimehama. Kutoka Sinza, ghorofa ya tatu, hadi Kibada kule Kigamboni, kwenye nyumba ambayo dalali aliapa iko "hapo hapo barabarani." Ya dalali tuyaache, keshakula kodi ya mwezi mzima na wala jasho halikumtoka. Leo nina ugomvi na mwenye Kenta, lile lori dogo lililotuhamisha.

Nilimpigia Alhamisi. "Kaka, Sinza mpaka Kigamboni shilingi ngapi?"

"Mzigo mkubwa?"

Mimi na ujanja wangu: "Aah, vitu vichache tu vya ndani."

"Elfu 80, bosi. Mengine tutaelewana."

Nilichosikia mimi ni 80. Hiyo "mengine" niliichukulia kama salamu, kama mtu anavyomaliza simu kwa kusema haya, msalimie shemeji. Mama watoto alikuwa pembeni anakunja mapazia. Akasema, "Baba Nasra, si umtumie picha za vitu? Na muulize, vijana wa kubeba wamo humo humo kwenye 80?" Nikamwambia haya mambo aniachie mimi.

Miadi saa mbili asubuhi. Akaja saa nne na nusu, na bado yeye ndiye aliyekuwa anatazama saa. Akapanda mpaka sebuleni, akasimama. Akaliangalia kabati la milango minne. Akaliangalia friji. Akayaangalia maua ya mama watoto, makopo 17 ya rangi yaliyoshindiliwa udongo. Halafu akaniita "bosi" kwa ile sauti ya daktari anayetaka mbaki wawili tu chumbani.

"80 ni ya gari."

"Si ndiyo gari nililoita?"

"Gari na mimi dereva. Wa kupakia je?"

Kumbe jamani bei niliyopewa ni ya Kenta kwenda Kigamboni kutembea! Vijana watatu walishashuka, wanakunja mikono ya mashati, elfu 15 kila kichwa. Nikasema mmoja apunguzwe, nitabeba mwenyewe. Nikashika kona ya friji. Ngazi ya saba kiuno kikalia, kijana wa mbele akageuka: "Mzee, kaa pembeni, usije na wewe ukawa mzigo." Asubuhi nilikuwa bosi, saa tano sijafika hata chini nishakuwa mzee.

Na ngazi nazo zina bei. Elfu 5 kila ghorofa. Sasa mimi nimeishi pale miaka minne nikiwatambia watu kijijini kwamba nakaa ghorofa ya tatu. Siku hiyo nilikula kiapo, mkono juu, kwamba ni ya pili, ile ya chini haihesabiwi. Tuliinamisha vichwa wote tunahesabu kwa vidole kama chekechea. Nikashinda. Ushindi wangu pekee siku nzima.

Halafu kabati. Likagoma mlangoni. Wakalilaza, wakalisimamisha, wakaliinua upande, ndipo nikakumbuka fundi alilitengenezea humo humo chumbani. Akaitwa fundi mwingine kulifungua, elfu 10. Muda tuliomsubiri dereva akauhesabu, elfu 10 nyingine, eti gari likisimama linapoteza tripu.

Daraja la Nyerere mimi nalipenda, tangu 2016 limetupunguzia kugombania pantoni. Lakini tulipofika getini dereva alizima redio, akanigeukia, akanitazama kama vile daraja nimelijenga mimi. "Geti, bosi." Ubosi ukarudi palepale, kwa ajili ya tozo.

Kibada ndipo nilipoielewa "hapo hapo barabarani" ya dalali. Barabara ipo kweli, tuliiacha kilomita nzima nyuma. Mbele mchanga mtupu. Tairi zikazama, na kabla dereva hajafungua mlango vijana wa mtaa walishatokea na makoleo, utadhani walitumiwa ujumbe. Elfu 10.

Mtu wa haki niseme haki: mwenye gari hakunidanganya. Nyumba yangu hakuwahi kuiona, ngazi hakuzijua, mchanga hakuujua, na aliyemwambia vitu vichache ni mimi. Alikadiria alichoambiwa. Lakini 165,000, hapo geti sijaliweka! Nilimlipa usiku, kwa tochi ya simu, mama watoto kasimama nyuma yangu, kanyamaza kimya. Ule ukimya nao ningejua bei yake ningeulipia uishe.

Asubuhi nafagia uwanja, jirani mpya akaja kunikaribisha. Salamu, hali, watoto, halafu akatupa jicho kwenye makopo ya maua. "Gari mmelipa ngapi?"

Mwanaume nikajikaza. "80."

"Wamekupiga, ndugu yangu! Mimi nililetwa kwa 60."

"60 tu? Na vijana? Na geti?"

Akatazama pembeni, akakuna shingo.

"Mengine... tulielewana."