Maziwa hayakati thina

Juzi nilipita gereji anakofanya kazi mdogo wangu, fundi rangi wa magari. Nilimkuta amekaa chini ya mwembe, macho mekundu, kichwa kinamgonga, pakiti ya maziwa mkononi. "Bosi katununulia, kaka. Yanakata sumu." Nilipandwa na hasira, na mpaka leo haijashuka.

Mvuke wa thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, unaingia kwa pua, unafika mapafuni, na papo hapo uko kwenye damu. Maziwa yanakwenda tumboni. Hivyo viwili vinakutana wapi? Anayehangaika na ule mvuke ni ini, nalo halisubiri maziwa.

Tolueni, iliyomo kwenye thina nyingi na kwenye gundi za viatu, ni pete ya kaboni sita yenye kimkia cha kaboni moja. Ini hukidaka kimkia hicho, hukigeuza hatua kwa hatua mpaka ipatikane asidi ya benzoiki, kisha huiunganisha na glaisini, asidi amino ndogo iliyomo mwilini, na mtu anaikojoa ikiwa asidi ya hipuriki. Jina hilo limetokana na farasi, kwa Kigiriki hippos: mkemia Mjerumani Justus von Liebig aliichunguza kwenye mkojo wao mwaka 1829. Ini linajua kazi yake. Ila kabla halijamaliza, tolueni imeshapanda kwenye ubongo, ndicho hicho kizunguzungu.

Inayoninyima usingizi ni benzeni. Imo kwenye petroli, ileile ambayo vijana wetu wanaivuta kwa mdomo na mpira, na wanaoshea mikono yenye grisi. Benzeni haina kimkia. Ini likikosa pa kushika linaivamia pete yenyewe: inatoka fenoli, kisha haidrokwinoni, ambayo husafiri na damu hadi kwenye uboho ndani ya mifupa. Huko inageuzwa tena kuwa benzokwinoni, na hiyo inaziumiza chembe zinazozaa damu. Mwili unahangaika kujisafisha, na katika kuhangaika huko unaifanya sumu iwe kali zaidi! IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeiweka benzeni kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na saratani yenyewe ni ya damu. Na anayekunywa pombe kila siku anakiongeza kimeng'enya kilekile cha ini, yaani protini inayoharakisha mageuzi hayo, kiitwacho CYP2E1, kinachoianzisha safari hiyo.

Wako bakteria wa udongoni, Pseudomonas putida, ambao baadhi yao huipasua pete ya benzeni na kuila kama chakula, ikaishia kaboni dioksidi na maji. Sisi hatukuumbwa hivyo.

Haya, maziwa ni chakula, na kijana aliyeshinda na njaa yatamsaidia. Basi yaitwe chakula. Kinachomkinga ni barakoa yenye kichungi cha mkaa, glavu, na mahali pa kupigia rangi penye upepo. Kitambaa kinazuia vumbi la msasa tu, mvuke unapita.

Barakoa hiyo nimemnunulia mdogo wangu. Wenzake watatu bado wanapiga rangi na kitambaa puani, na wote ni watoto wa watu.