Acheni kumwambia mgonjwa wa kemo ajikaze

Wiki hii kwenye grupu letu la familia mtu kaandika eti wagonjwa wa kansa siku hizi wanadeka, dripu moja tu wanataka kuacha, wajikaze kama wenzao wa zamani. Imeniuma na siwezi kunyamaza.

Shangazi yangu alianza kemo, yaani zile dawa kali za kuua kansa, kwa ajili ya kansa ya titi kwenye hospitali moja kubwa, sitaitaja. Nesi akamtafuta mshipa, akaweka kanula, kale kamrija ka kupitishia dawa, akamsukumia ile dawa nyekundu, doksorubisini, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kazi ya mikono aliifanya vizuri tu, ila hakumwambia neno. Jioni shangazi kaingia chooni kaona mkojo mwekundu, akajifungia humo analia, anajua damu inamwisha na ndo basi tena. Kumbe ni rangi ya dawa, siku moja mbili inapotea. Sentensi moja tu ya nesi ingetosha! Na nywele zilipoanza kubaki kwenye mto wiki kama mbili baadaye, napo hakuna aliyemwandaa, angejua angezinyoa mwenyewe mapema.

Mzunguko wa pili, siku 21 baadaye, katapika tukiwa bado getini, dripu hata hajaiona. Watu wakasema anajiendekeza. Hajiendekezi, hiki kitu kinajulikana kabisa kwenye uuguzi wa kansa, mwili ukishaonja kile kichefuchefu, harufu tu ya hospitali inakianzisha upya, na kikifika hapo vidonge vya kuzuia kutapika vinasaidia kidogo sana. Ndo maana kinatakiwa kidhibitiwe tangu dozi ya kwanza, na awepo nesi wa kukaa na mgonjwa, amfundishe kupumua taratibu, amuulize mama unaogopa nini. Hiyo ni tiba jamani, sio huruma.

Najua manesi ni wachache na foleni inafika nje, sawa, hilo nalikubali. Lakini kuna kipimo cha msongo wa mawazo ambacho mgonjwa anaonyesha tu namba kuanzia 0 mpaka 10, ikifika 4 kwenda juu unajua huyu anahitaji kukaliwa chini, na kinataka karatasi na kalamu basi. Maombi nayo ni mazuri, shangazi anasali kila siku, ila hayamwambii mkojo utakuwa rangi gani.

Na huko kujikaza kunaua. Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na homa ya nyuzi 38 kipindi hicho ni dharura, hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Aliyezoeshwa kujikaza anajifunika blanketi asubiri kukuche, hataki kusumbua watu. Shangazi alifanya hivyo hivyo, asubuhi tukamkuta anatetemeka meno yanagongana, tukamkimbiza, akalazwa. Ni kule wodini ndo nesi wa zamu alimwandikia namba ya simu akamwambia, mama, piga hata saa nane za usiku. Siku hizi anapiga.