Waya wa Mama Kayole na wangu Stockholm

Mimi na mama yangu sote tuna waya moyoni. Wake uliwekwa Nairobi. Wangu uliwekwa hapa Stockholm, na ni viungani mwa mji huu, hospitali ya Karolinska, ambako Arne Larsson alipandikizwa mwaka 1958 pesimeka ya kwanza duniani, kile kifaa kidogo kinachotuma umeme kwenye waya ili moyo upige.

Ni waya wa unene wa milimita 2 hivi. Hupitishwa kwenye mshipa chini ya mtulinga hadi chumba cha chini cha kulia cha moyo, na wa Mama una skrubu ndogo nchani iliyojikita kwenye nyama. Mapigo yakichelewa, unayaamsha kwa umeme asiousikia. Wangu una koili ya kupiga shoti pia, moyo ukianza kutetemeka ovyo. Umenipiga mara moja, nikiosha vyombo. Sahani ilinitoka mkononi, nikajikuta nimeketi sakafuni. Kisanduku kilicho kando ya kitanda, kinachosoma kifaa changu, kilituma taarifa hospitalini usiku huo, na asubuhi nesi akanipigia kabla sijampigia.

Sasa Mama. Mwezi Machi alianza kuona kizunguzungu. Akapanda matatu mbili kutoka Kayole hadi alikopasuliwa, akaambiwa mashine ya kusoma pesimeka yake haipo, huletwa na mtu wa kampuni kwa siku maalumu. Kila kampuni ina mashine yake. Ya nyingine haisomi. Akarudi na kadi yake mkobani, akasubiri wiki tatu. Aliposomwa, ikaonekana waya unahitaji umeme mwingi kuliko ule uliopangwa, kwa hiyo mapigo mengine yalikuwa yakipotea. Wakaongeza nguvu kwa kubonyeza tu. Dakika chache, kizunguzungu kikaisha.

Wiki tatu, jamani!

Sina neno na madaktari wetu, mikono yao ni hodari. Na nilipotoka hospitali huku, nimekatazwa kuinua mkono juu ya bega, nilivaa shati peke yangu nikilia, ilhali Mama alifuliwa na majirani mwezi mzima. Kinachoniuma ni kwamba tulichangishana kwa M-Pesa hadi pesimeka ikanunuliwa, na katika kundi lile lote, mimi nikiwemo, hakuna aliyeuliza nani ataikagua. Moyo hupiga kama mara laki moja kwa siku, na kila pigo linaukunja ule waya. Hospitali za umma ziwe na mashine hizo zenyewe, zisingoje mgeni aje na begi. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Kenya ikiwemo, kwamba pesimeka zilizotumika zikasafishwa zinafaa kupandikizwa tena. Nimefurahi sana. Lakini hao watakaopata watasomwa wapi?

Kwetu sasa kila mwezi ndugu wote tunaweka kidogo, ya ukaguzi wa Mama mara mbili kwa mwaka. Unaofuata ni Septemba. Nimemwambia kaka apige simu kwanza, aulize kama mashine imefika, ndipo Mama avae viatu.