Chatu adimu wa Australia: wafugaji wanabebeshwa lawama isiyo yao

Kila zikitajwa habari za chatu adimu wa Australia watu wanakimbilia kusema wafugaji, yaani wanaofuga nyoka majumbani, ndo wanaowamaliza porini. Hofu hiyo naielewa, ila ukifuatilia chatu mmoja mmoja mambo hayako hivo.

Chukua yule wa Kimberley, kaskazini magharibi, mwenye magamba ya kukwaruza, Morelia carinata. Sayansi imempa jina 1981 tu, na miaka mingi baada ya hapo walioonekana walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, manake makao yake ni mabonde ya mawe upande wa mto Mitchell ambako kufika tu ni kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 John Weigel wa Australian Reptile Park, bustani ya reptilia, akapata kibali cha kuwakamata, akakamata watano. Watano tu! Wakataga, watoto wakasambaa kwa wafugaji wenye leseni, na leo mtu wa Sydney akimtaka ananunua aliyezaliwa kwenye boksi, hana haja ya kumtuma mtu porini.

Hiyo namba ndo inayokomaliwa, kwamba watano si watazaana ndugu kwa ndugu? Tupige hesabu basi. Kwa kanuni ya vinasaba, wanyama watano wasio na undugu wanabeba kama asilimia 90 ya utofauti wa vinasaba wa kundi walikotoka, ambayo si haba hata kidogo. Kinachopotea ni vile vinasaba adimu ambavyo mnyama mmoja mmoja tu anavyo, hivyo kweli vikienda vimeenda. Lakini hiyo 90 inakaa pale kama wote watano wamezaa na kundi limeongezeka haraka, sasa mfugaji akipandisha kaka na dada wa uzao mmoja, watoto wao tayari wamepoteza robo ya utofauti huo, na akiendelea hivohivo inazidi kushuka. Yaani kinachoua kundi ni kutokuandika nani kazaa na nani, wale watano tunawaonea bure.

Upande wa pili una hoja nzito na sitaki kuipita juujuu. Watafiti Jessica Lyons na Daniel Natusch walichunguza biashara ya chatu wa kijani Indonesia, wakaandika 2011 kwamba angalau asilimia 80 ya waliosafirishwa nje kwa madai kwamba wamezaliwa kwenye mashamba ya kuzalishia nyoka walikuwa wametolewa porini. Inaumiza. Ila pale mashamba yalikuwa ya kuandikia karatasi tu huku mlango wa kuuza nje uko wazi, wakati Australia hairuhusu kabisa kuuza nje reptilia wake hai kibiashara. Na mlango kufungwa haujamaliza tamaa, mijusi wa Australia waitwao shingleback bado wanakamatwa wamefungwa kwenye vifurushi vya posta.

Sasa njoo kwa chatu wa Oenpelli, wa miamba ya Arnhem Land na Kakadu kaskazini mwa Australia, anapita mita 4 na jina lake la kisayansi ni la 1977. Gavin Bedford wa mji wa Darwin alipewa kibali cha kukamata wachache na akafanikiwa kuwazalisha, na kelele zikawa zilezile. Kwani nani anammaliza huyu? Mamalia wadogo anaowala wamepungua Kakadu kwa zaidi ya nusu, na wanaotajwa sana ni paka wa mwituni na moto mkali wa mwisho wa kiangazi, hakuna mfugaji hapo. Nakubali pia kwamba kumzalisha kule Darwin hakurudishi panya hata mmoja kwenye miamba, anayesema kunamwokoa porini anadanganya.

Mi ningependa vibali viendelee, viwe vichache, kila uzao uandikwe kwenye daftari moja la wote, na wenyeji wenye ardhi ya Arnhem Land, ambao chatu huyu yumo kwenye simulizi zao tangu kale, waulizwe kabla mtu hajapanda mwamba na gunia.